Kitabu Kilichofunga Karanga

Jumanne, 5 Machi 1996

Nimemaliza. Mvua ikipiga mabati, nimeandika neno la mwisho la *Mashitaka*. Miaka ya kuandika kwa mkono, kisha miezi ya kuchapa upya kwenye kompyuta. Hakuna aliyeachwa. Mawaziri wamo. Wakubwa wa Kampuni ya shaba, walioacha tanuru zipoe huku wao wakinona, wamo. Wahubiri wamo. Walimu wenzangu wanaouza alama za mtihani kwa unga wamo. Shemeji yangu Papy ana sura yake peke yake, fupi, kwa sababu hastahili ndefu.

Kompyuta ni ya kubebwa mkononi, kama mkoba wa wakili. Aliituma binti yangu Colette kutoka Liège mwanzoni mwa mwaka, ndani ya katoni ya maziwa ya unga ili isitamaniwe njiani. Hakuna nyingine mtaani, na kama ipo nyingine hapa mjini Likasi, mwenyewe hajui kuitumia. Skrini ya kijivu, herufi nyeusi, kimya. Unaiwasha, unaandika, unaizima. Chombo cha kazi kinapaswa kuwa hivyo.

Masœur Émérence, mtawa wa misheni ya Kapolowe, anaondoka kwenda Ubelgiji Jumapili ya tarehe 17. Amekubali kunipelekea kitabu kwa mchapishaji, ndani ya disketi. Ninachohitaji ni disketi moja. Sina. Itapatikana.

Jioni mke wangu Gertrude aliuliza kama zile karatasi nilizoandika kwa mkono bado nazihitaji. Anauza karanga sokoni, na siku hizi karatasi ya kufungia ni adimu kuliko karanga zenyewe. Nilimtazama kwa huruma. Nikamweleza kwamba karatasi ni mambo ya jana, kitabu sasa ni umeme. Akasema umeme haufungi karanga. Nikampa rundo lote. Alilibeba kichwani.

Jumatano, 6 Machi

Édouard amekuja.

Niandike sheria, nijikumbushe kwa nini sikumtupa nje. Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi kwa upande wa mama. Yeye ni wa Chui. Tangu enzi za mababu Mbuzi na Chui ni watani: tunazikana, tunatukanana, na Chui akiingia nyumbani kwa Mbuzi anachukua anachotaka, mradi awe anacheka. Kukasirika ni mwiko. Anayekasirika analipa kuku mbele ya mashahidi, na mashahidi wanamla. Mimi ambaye nimepigana kwa kalamu na maaskofu wawili, mbele ya mwuza mitumba huyu lazima nitabasamu kama bibi arusi.

Aliketi kwenye kiti changu. Akala bukari yangu, ugali wote. Kisha akaitazama kompyuta na kusema: « Weye Mbuzi, hii ordinateur yako iko muzee sawa weye. » Akaeleza kwamba huko Kitwe, Zambia, anakofuata mitumba yake, ofisi zote zimepata système mpya yenye rangi, na hii yangu ni ya wakati wa Wabelgiji. Nikamwambia sitaki rangi, nataka herufi. Nilimjibu kwa hotuba nzima, yenye utangulizi na hitimisho. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesema vizuri, akaikunja mashine, akaiweka kwapani. Mlangoni akageuka. « Chui amekamata. Nitakuya nayo. »

Gertrude alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitabasamu. Taya zinaniuma mpaka sasa.

Ijumaa, 8 Machi

Imerudi. Afadhali isingerudi.

Édouard aliiweka mezani kama mtu anayerudisha mtoto kutoka ubatizoni. Anasema ni zawadi. Amehangaika nayo tangu juzi kwa furushi la disketi alizonunua Kitwe, akiilisha disketi moja baada ya nyingine. Nafasi haikutosha, basi akafuta vitu vya zamani visivyo na kazi. Nikauliza vitu gani.

« Ile programme ya kuandika. Ilikuwa iko muzee. »

Nikauliza kitabu kiko wapi. Akasema kiko palepale, hakukigusa, yeye si mwizi. Akabonyeza. Mashine ikafikiri. Gertrude akaenda kuchota maji, akarudi, mashine bado inafikiri. Ndipo *Mashitaka* yakafunguka. Viboksi. Viboksi vitupu, alama za kuuliza, viboksi tena, ukurasa baada ya ukurasa. Neno moja tu lilikuwa limesalimika: « shemeji ».

Nilipiga meza. Nikasema neno ambalo sitaliandika hapa. Édouard akafungua dirisha, akawatangazia majirani kwamba Mbuzi amekasirika. Walikuja haraka kuliko walivyowahi kuja kwenye mkutano wowote nilioitisha. Berthe, mjane wa nyumba ya pili, mwanamke wa Biblia na ukweli, alithibitisha kwamba meza aliisikia kwa masikio yake. Nimelipa jogoo. Wamemla hapahapa. Wakanipa shingo.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzima na kitu hiki. Niandike niliyogundua.

Kikiamka kinaimba. Wimbo mfupi, kama malaika mwenye mafua. Wanawake wa kikundi cha maombi cha Gertrude wameupenda, wakaomba niuzime niuwashe tena ili wausikie vizuri.

Batri inakufa kabla wimbo haujaisha. Kwa hiyo lazima umeme wa ukutani. Na ukutani hakuna umeme: wezi wamekata waya za kabini ya umeme ya mtaa. Maji yanaanguka kwenye bwawa la umeme la Koni usiku na mchana, bure kabisa kwa upande wetu. Jirani mmoja amejivutia waya kutoka mtaa wa pili, basi nimekaa chini ya dirisha lake tangu asubuhi kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu.

Kimeweka pipa la taka juu ya meza yangu. Limechorwa tu kwenye skrini, lakini ujumbe nimeuelewa.

Na hili. Ili kukizima unabonyeza kitufe kilichoandikwa *Démarrer*. Unataka kumaliza, unabonyeza Anza. Nilikikodolea macho kitufe hicho mpaka jirani akauliza kama naumwa. Nchi yetu nzima imo ndani yake. Kila kilichozimwa hapa kilizimwa kwa hotuba ya kuanza upya. Nilitaka kuiandika hoja hiyo palepale, iwe sura mpya, lakini programu ya kuandika imefutwa. Naiandika hapa, kwa kalamu, kama mtu wa pangoni.

Jambo moja jema. Nikikifunga kitabu cha viboksi, mashine inauliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko. Nimebonyeza *Oui*, ndiyo. Kila mara nimebonyeza *Oui*. Angalau inauliza kwa adabu.

Jumatatu, 11 Machi

Mpango! Nimeupata nikinyoa ndevu. Kama mtani anayekasirika ndiye anayelipa, basi Édouard na akasirike yeye. Mbele ya mashahidi nitakataa kuku. Nitadai programu yangu ya zamani, aifuate Kitwe hata kwa magoti. Na nani katika mji huu anajua kumkasirisha mtu kuliko mimi? Mkuu mmoja wa shule alihama Likasi kwa ajili ya barua yangu moja.

Nilimkuta sokoni kwenye kibanda chake, wateja wamejaa. Nikaanza taratibu. Nikamwambia anauza suruali za wafu kwa watu waliokaribia kufa. Akasema ni kweli. Nikamwambia ujinga wake si wa kawaida, maana ujinga wa kawaida kuna saa unapumzika. Akapiga makofi. Akamwita Tshimanga, mwuza chumvi wa kibanda cha jirani, aje asikie: « Kuya, kuya! Mbuzi anasema mambo leo. » Nikapanda juu zaidi. Nikagusa meno yake, mwendo wake, akili ya ukoo wote wa Chui tangu Chui wa kwanza. Nikamalizia kwa sentensi ndefu, yenye nukta-mkato katikati, ambayo ingemlaza askofu hospitalini.

Watu walikuwa wanajishika mbavu. Édouard akafuta machozi, akanikumbatia, akasema tangu baba yake afariki hakuna Mbuzi aliyemheshimu kiasi hiki. Akachagua koti moja zuri la sufu, akanivalisha mwenyewe.

Linanikaa vizuri. Hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Jumatano, 13 Machi

Kapolowe, juu ya lori la mahindi, mashine imefungwa blanketi mapajani mwangu. Mvua njia nzima.

Matumaini yangu yote yalikuwa kwa Masœur Émérence. Ofisi ya misheni ina kompyuta kama yangu ilivyokuwa kabla ya kuharibiwa, na programu ileile ya kuandika. Alitoa disketi kwenye droo, akanakili kitabu, akakifungua kwenye mashine yake. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, viboksi.

Akaeleza kwa upole ule wa watawa unaouma kuliko kofi. Kitabu kilifunguliwa na programu isiyokifahamu, kikaonekana viboksi, na mtu akakihifadhi hivyo. Kuanzia hapo viboksi ndivyo kitabu. Hakuna kitu nyuma yake. Akauliza: « Papa Godefroid, nani alibonyeza *Oui*? »

Nikajibu kwamba hilo si swali la msingi. Swali la msingi ni nani aliiweka *Oui* pale.

Akauliza tena kama maandishi ya mkono yapo, maana yakiwepo hakuna kilichopotea. Nikasema yako sokoni. Akadhani kitabu kimeshaanza kuuzwa, akanipongeza.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Gertrude. Rundo limekwisha. Limebaki jani moja, limefunga karanga za mwisho, na mteja alikuwa amelinyooshea mkono. Nikalinyakua. Lilikuwa jani la shukrani, ambamo sikumshukuru mtu. Gertrude akasema karatasi zangu zinatembea vizuri, kuliko zote alizowahi kupata. Wateja wanachagua. Sikuuliza wanachagua nini. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, na nimevaa koti la Édouard.

Alhamisi, 14 Machi

Sikuamka. Gertrude alileta chai kitandani, nikaiacha ipoe. Nimewaza umri wangu. Mshahara wa ualimu nimeusahau hata rangi. Watoto ninaowafundisha historia wanaona mji wao unakuwa historia mbele ya macho yao, na hawaniulizi chochote. Kitu kimoja tu kilikuwa changu, ambacho hakuna aliyeweza kukichelewesha wala kukipunguza thamani. Sasa ni viboksi. Kitabu kimekufa.

Nimekufa nacho, niliandika hapa, kisha nikafuta. Kwa sababu neno « kimekufa » lilinikalisha kitandani wima.

Kimekufa. Basi kifanyiwe matanga.

Mbuzi akifa, Chui ndiye anayezika. Chui lazima aje, hana ruhusa ya kukataa. Na penye matanga kuna saa ambapo familia ya marehemu inasimama na kuuliza: nani alikuwa naye mara ya mwisho, alimlisha nini? Mbele ya watu wote, Édouard atajibu. Ataona haya. Kesho yake atapanda lori la Kitwe.

Gertrude amekataa katakata. Anasema kulilia kitu kisicho na damu ni kuita kifo nyumbani, na kikundi chake cha maombi kitamwonaje. Nikamwambia mpango umeshapitishwa. Basi akauliza watakuja watu wangapi, maana akaange karanga kiasi gani.

Jumamosi, 16 Machi

Niandike kwa utaratibu, ingawa sina utaratibu wowote ndani yangu.

Tuliweka matawi barabarani, ishara ya msiba. Mikeka ndani kwa wanawake, viti nje kwa wanaume. Mashine juu ya meza, imefunikwa shuka nyeupe. Watu walijaa. Wengine walikuja wakilia, wakauliza nani amefariki, wakaambiwa ni kitabu, wakaketi hata hivyo, maana viti vilikuwepo.

Chui wakafika kwa ngoma. Mbele yao Édouard. Kwa desturi mtani anamwigiza marehemu: anavaa nguo zake, anasema kwa sauti yake, ili wafiwa wacheke. Nilikuwa nimesahau sehemu hiyo ya desturi. Alikuwa amejifunga karatasi mwili mzima, kifuani, mikononi, hata miguuni, na machoni ameweka miwani isiyo na vioo. Akasimama juu ya kiti. Akakohoa kama mimi ninavyokohoa. « Minye ni Kitabu, » akasema. « Nani anataka nimutukane? »

Akachomoa karatasi moja kifuani. Ilikuwa na madoa ya mafuta. Ulikuwa mwandiko wangu.

Akasoma mwanzo wa sura ya mawaziri. Akafika katikati ya sentensi, akanyamaza ili ageuze karatasi, na uwanja mzima ukaimalizia sentensi yangu kwa pamoja. Mpaka neno la mwisho. Tshimanga akainuka, akatoa ukurasa mwingine mfukoni mwa shati, akasoma sura ya wanaosukumana penye foleni ya mafuta ya taa, na watu wakaonyeshana vidole. Mwingine akatoa wake. Na mwingine. Walikuwa wamebadilishana wiki nzima. Mwenye ukurasa wa mwisho wa sura ya wahubiri alikuwa akimtafuta mwenye wa kwanza. Mtu mmoja alikiri kwamba karanga zinamharibia tumbo na amenunua kila siku. Papy, shemeji yangu, alisomewa sura yake, akaomba irudiwe. Anadhani ni sifa.

Walicheka pale nilipoweka hasira. Mahali nilipoweka mzaha walitikisa vichwa kwa huzuni. Hawajui kusoma.

Kisha Berthe akasimama. Akafungua Biblia yake, akatoa ukurasa uliokunjwa mara nne. Marehemu mume wake alifanya kazi penye tanuru maisha yake yote. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole:

« Zamani king'ora cha Kampuni kilipolia alfajiri, kila mke alijua mume wake yuko wapi. Sasa alfajiri inapita kimya, na wanaume wanaamka vilevile. Wanakaa ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi, wakingoja sauti itakayowaambia waende. »

Hakuna aliyecheka. Édouard alivua miwani. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anavuta pumzi kwa shida. Watu wakageuka, wakanitazama mimi.

Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika vile. Sehemu dhaifu. Haimshambulii mtu yeyote.

Nikasimama ili niulize swali langu: nani alikuwa naye mara ya mwisho? Nikaketi tena bila kuliuliza. Sijui kwa nini. Labda ni moshi wa jiko.

Édouard akashuka kitini. Akatangaza kwamba Chui kazi yao ni kuzika Mbuzi. « Siku zote tunabazikaka. Leo tutabafukula. » Akawaagiza Chui wote wazunguke mji, kila nyumba, kila kibanda, mpaka mji wa Kakanda ikibidi, wakusanye kurasa zote. Kisha, kama desturi inavyomruhusu, akachukua mali ya marehemu. Yaani mashine yangu. Nikatabasamu.

Jumapili, 17 Machi

Wamerudisha. Mashine, na juu yake kitabu.

Kurasa zinanuka karanga, chumvi, moshi, samaki wakavu. Moja imeandikwa hesabu za kugawanya nyuma yake. Moja ilikuwa imeziba tundu la dirisha. Zimepungua chache, na hizo nazikumbuka. Gertrude amezipanga zote mezani kwa mawe madogo juu yake, zisipeperuke.

Ukurasa wa Berthe haumo. Nilikwenda kwake, akakataa kuutoa. Akanikubalia kuunakili, yeye akiwa ameshika upande mmoja.

Mchana gari la misheni likasimama mlangoni. Masœur Émérence alikuja kuniambia kwamba safari imesogezwa mpaka Jumapili ya tarehe 31, kwa sababu ya ndege. Akaliona rundo, uso wake ukang'aa. Akasema nimpe sasa hivi, kama lilivyo, atalifunga kwenye kitambaa na kulilaza chini ya nguo zake. Huko Ubelgiji yuko mtu wa kuchapa.

Nikamweleza kwamba kitabu cha vita hakiwezi kuingia Ulaya kikinuka karanga. Akasema Likasi yote inanuka karanga, hata yeye. Nikasema hapana. Mungu amenipa wiki mbili, nitachapa upya. Akamtazama Gertrude. Gertrude akatazama dari.

Ijumaa, 22 Machi

Nachapa. Umeme umerudi, unakuja na kuondoka. Édouard amenipakia programu mpya ya kuandika kutoka kwenye furushi lake. Ni mpelelezi. Kila neno la Kiswahili ninaloandika inalipigia mstari mwekundu chini, kama daftari la mwanafunzi mjinga. Neno « haki »: mstari. « Njaa »: mstari. Jina langu mwenyewe limepita bila mstari kwa sababu ni la Kifaransa. Nimewashinda wakaguzi wa serikali, sasa nakaguliwa na mashine.

Gertrude amesema mistari hiyo ni ya skrini tu, haitaingia kwenye disketi, basi niiache. Hajui maana ya kudhalilishwa.

Jumamosi, 30 Machi

Nimemaliza. Mara ya pili, na bora kuliko ya kwanza. Nimeongeza sura juu ya kitufe cha *Démarrer*. Nimerefusha ya Papy. Ile ya king'ora nimeifupisha.

Masœur Émérence atapita kesho adhuhuri. Disketi bado sina, lakini ya Édouard ipo, ataileta asubuhi. Amepita leo, akala, akatazama mistari myekundu iliyojaa skrini nzima, akasikitika pamoja nami. Anasema kosa liko kwenye hii système, ilitoka kabla haijaiva. Kitwe amepata nyingine, mpya zaidi, inayoondoa mistari yote. Kidogo tu, kabla chai haijapoa itakuwa imekwisha. Mwanzoni nilikataa. Nikakataa kwa hotuba nzima. Lakini nikatazama tena neno « haki » na mstari wake, nikafikiria mchapishaji wa Ubelgiji anakiona kitabu changu kimesahihishwa kama insha ya darasa la tatu. Nikamwambia aje mapema.

Gertrude ameuliza kuhusu karatasi. Wateja wanamsumbua kila siku, wanataka zile za zamani, na yeye anafungia karanga kwenye majani ya mgomba. Aliuliza mara mbili, akinitazama sana, kama nina hakika. Nikamwambia azichukue zote, zinanukisha nyumba. Amezipeleka.

Berthe tu ndiye bado ameng'ang'ania ukurasa wake. Nilipita kwake jioni, nikamwambia hana haja ya kuhifadhi karatasi chafu ile, maneno sasa yako mahali salama. Akasema hata hapa yako salama, Papa Godefroid. Akafunga Biblia, akaikalia.